Windows, Ubuntu na Mac ndani ya nyumba moja, hazitaki kushea mafaili. Msaada wakuu

Kijana wa Nzuguni (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nipo Nzuguni hapa Dodoma. Kazi yangu picha na video za shughuli: send-off, harusi, mahafali. Nyumbani kuna mashine tatu. Ya mezani ni Windows 10 Pro, hiyo ndiyo ya kazi. Ya pili ni laptopu ya mdogo wangu anayesoma UDOM, kaweka Ubuntu 22.04 na ukimwambia habari za Windows anakasirika. Ya tatu ni MacBook Air ya mama watoto.

Siku zote tunahamisha kwa flashi. Juzi nina video ya GB 6, flashi ina nafasi GB 25, inaniambia faili ni kubwa mno. Nikasema basi, Wi-Fi ipo, hizi mashine ziongee zenyewe.

Nimeshea folda kila mashine kama nilivyoona YouTube. Matokeo: kutoka Windows kwenda Ubuntu naletewa 0x80070035. Kutoka Ubuntu kwenda Windows nikiandika anwani inafika, ila inadai jina na neno la siri. Naweka, inadai tena, naweka, inadai tena. Mac ndiyo kabisa, haioni mtu, utadhani ipo nyumba ya jirani. Nahangaika tangu Ijumaa usiku.

Swali la pili, hii kitu inakula bando? Nimebakiwa na GB 3 na mwezi haujaisha.

Siti ya Mbele

Ngoja waje. Mimi pia yananihusu, nimekaa.

Mjomba Flashi

Flashi yako ni FAT32, mkuu. Hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4 hata ikiwa tupu. Ifomati iwe exFAT, itasomeka Windows, Mac na hiyo Ubuntu. Mambo ya mtandao ni kujitafutia presha tu.

Mkongwe wa XP

Mkuu dawa yake ni moja. Nenda kwenye vipengele vya Windows, tafuta SMB 1.0, weka tiki, zima washa. Na faiawoli, ule ukuta wa kuzuia wanaoingia kwa mtandao, zima kabisa. Mimi nilifanya hivyo na zinaonana mpaka leo.

Bibi Seva

Kijana, usifanye hata moja kati ya hayo mawili. Mkongwe samahani kaka yangu, ila ushauri huo ulikuwa wa kipindi kile.

SMB ndiyo lugha ambayo Windows, Mac na Linux zote zinaitumia kupeana mafaili. Toleo la kwanza lina tundu ambalo kirusi cha WannaCry kilipita Mei 2017, kikafunga kompyuta dunia nzima, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kiraka cha Windows kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo, watu hawakuapdeti. Baada ya hapo, Windows 10 za kuanzia mwishoni mwa 2017 ziliacha kuiweka SMB1 zenyewe, na Samba, programu inayofanya kazi hiyo kwenye Linux, nayo ikaizima kuanzia toleo la 4.11 mwaka 2019. Kijana ana Windows 10, Ubuntu 22.04 na Mac. Zote tatu zinaongea SMB 2 na 3 vizuri kabisa. Anayeihitaji SMB1 ni mwenye XP.

Turudi kwenye tatizo. Watu wengi wanaliita "hazionani" kama ni ugonjwa mmoja, halafu wanabadilisha kila kitu kwa mpigo. Wewe una magonjwa matatu tofauti na kila mashine imekuambia inaumwa wapi. Inayokudai neno la siri imeshafika mlangoni na mlango upo wazi. Hapo faiawoli haihusiki, usiiguse, kasoro ipo kwenye jina na ufunguo. Inayoleta 0x80070035 haijafika mlangoni, ama barabara haipo ama mlango umefungwa. Mac sijui bado.

Nipe anwani za IP za zote tatu. Windows fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri, andika `ipconfig`. Ubuntu andika `ip a`. Mac ingia mipangilio ya Wi-Fi, bofya maelezo ya mtandao uliounganishwa.

Bando: haili hata baiti moja. Mafaili yanatoka mashine moja, yanapita kwenye ruta, yanaingia nyingine, hayatoki nje ya nyumba. Unaweza ukachomoa laini kwenye ruta na yakaendelea kupita. Ila chunga, ikiwa folda unayoishea ipo ndani ya OneDrive, iCloud au Google Drive, hizo zitalipandisha faili lako mawinguni kimyakimya na GB 3 zako hazifiki jioni. Tengeneza folda mpya kabisa, mfano C:\Picha.

Siti ya Mbele

Huyu bibi hajaja kucheza. Tiririka.

Kijana wa Nzuguni

Shikamoo bibi. Nimeangalia:

Windows 192.168.8.101
Ubuntu 192.168.8.104
Mac 192.168.0.103

Bibi Seva

Marahaba, ingawa jina ni la utani, nina miaka 34.

Nilihisi. Mac ipo mtaa mwingine. Hizo mbili ni 192.168.8, yenyewe ni 192.168.0. Una ruta mbili?

Kijana wa Nzuguni

Ndiyo! Ruta ya laini ipo chumba cha kazi. Sebuleni mtandao ulikuwa haufiki, fundi mmoja akaniuzia ruta nyingine akavuta waya. Mama watoto anatumia ya sebuleni.

Fundi wa Makole

Na waya ameuchomeka kwenye tundu la WAN, lile lenye rangi yake peke yake. Nimekutana nayo nyumba nyingi, Kisasa, Ilazo, kila mahali. Intaneti inafanya kazi kwa hiyo mteja anaridhika.

Ukichomeka WAN, ruta ya pili inatengeneza mtandao wake na kuuficha nyuma yake. Walio ndani wanaweza kutoka, walio nje hawawezi kuingia. Kwa maana hiyo Mac ikiandika anwani ya Windows moja kwa moja ingefika, ila kwenye orodha haitaona chochote, kwa sababu matangazo ya "mimi nipo hapa" hayavuki ruta. Na Windows kuifuata Mac ndiyo isahau.

Fanya kwa mpangilio huu usije ukajifungia nje. Unganika kwenye ruta ya sebuleni, ingia kwenye ukurasa wake, badilisha anwani yake iwe 192.168.8.2, ihifadhi. Ingia tena kwa anwani mpya, zima DHCP, ili ugawaji wa anwani ubaki kwa ruta kubwa pekee. Ndipo uchomoe waya WAN uuhamishie kwenye tundu lolote la LAN. Baada ya hapo ruta ya sebuleni inakuwa kama swichi yenye Wi-Fi. Zima Wi-Fi ya Mac uiwashe, itapata 192.168.8 kama wenzake.

Kuna kitu kingine cha kutazama humohumo. Ruta zingine zina kipengele cha kuwatenganisha walio kwenye Wi-Fi wasionane, mara nyingi kinaitwa AP Isolation, na Wi-Fi ya wageni huwa nacho tayari. Mac ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni utafanya yote haya na bado isione mtu.

Mkongwe wa XP

Sawa, lakini nyie mnazunguka sana. Yangu ni tiki moja.

Bibi Seva

Kaka, hata mlango usio na kitasa unafunguka kwa mkono mmoja.

Kijana, wakati unahangaika na ruta, tumalize Windows. Unapowasha ile kompyuta ya mezani unaingia kwa kuandika nini?

Kijana wa Nzuguni

Pini, tarakimu nne. Na ndiyo niliyokuwa naiweka kule Ubuntu.

Bibi Seva

Basi ungeiweka mpaka Pasaka. Pini inafanya kazi kwenye mashine hiyohiyo tu, ukiwa umekaa mbele yake. Ukija kwa mtandao Windows inataka neno la siri la akaunti yenyewe, na kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft basi ni lile la barua pepe, ambalo wengi wameshalisahau. Na kwa wale ambao akaunti zao hazina neno la siri kabisa: Windows inamkataa mgeni wa mtandao anayekuja bila neno la siri, hata ukiweka jina sahihi.

Mimi huwa sitoi akaunti yangu kwa ajili ya kazi hii. Natengeneza mtumiaji wa kushea tu. Fungua CMD kama msimamizi:

`net user studio * /add`

Itakuuliza neno la siri, liandike mara mbili, herufi hazitaonekana, usishtuke. Halafu bofya kulia folda ya C:\Picha, nenda kwenye sifa zake. Hapa ndipo watu wanapokosea: kuna ruhusa sehemu mbili. Kuna kichupo cha Sharing na kichupo cha Security, na Windows inafuata ile iliyo kali zaidi kati ya hizo mbili. Ukimruhusu studio kuandika upande mmoja na upande wa pili hayupo, atagonga ukuta. Mweke kote kote.

Ukimaliza, nenda Ubuntu, kwenye kidhibiti cha mafaili andika `smb://192.168.8.101/picha`, jina studio na neno lake.

Kijana wa Nzuguni

IMEKUBALI. Ubuntu inaingia Windows, inasoma na inaandika. Nimekaa siku tatu naweka pini jamani.

Ruta nayo nimeifanya kama Fundi alivyoelekeza. Nilianza kwa kuzima DHCP kabla ya kubadilisha anwani (nilisoma harakaharaka), nikapotea nusu saa, ikabidi niibonyeze kile kitundu cha sindano nianze upya. Sasa Mac ni 192.168.8.107. Mama watoto alikuwa katikati ya tamthilia, sitaki kueleza zaidi.

Mac nimebonyeza Command na K, nikaweka anwani ileile ya smb, imeingia. Imebaki Windows kwenda Ubuntu, bado 0x80070035.

Dogo wa Ubuntu

Mimi ndiye mdogo wake. Broo kaniambia nijiunge humu nitetee laptopu yangu. Samba ipo, folda nimeishea, ipo ndani ya nyumbani kwangu /home. Nikiwa kwenye laptopu yenyewe `smbclient -L localhost` inaleta orodha vizuri. Tatizo ni Windows.

Bibi Seva

Karibu mdogo wangu. Ukiwa ndani ya nyumba huwezi kujua kama geti limefungwa. Toa majibu ya `sudo ufw status`, hiyo ufw ndiyo faiawoli ya Ubuntu.

Dogo wa Ubuntu

Status: active. Aah. Niliiwasha kwa ajili ya somo la usalama wa mitandao nikasahau.

Bibi Seva

Ndiyo hiyo. Ubuntu inakuja na ufw ikiwa imezimwa, kwa hiyo aliyeiwasha huwa anajulikana. Usiizime, ifungulie Samba tu:

`sudo ufw allow samba`

Mlango wenyewe ni namba 445. Na kwa faida ya wengine: usitegemee ping, ile amri ya kuita mashine uone kama inaitika, kupima haya mambo. Windows ikiuona mtandao wako kama "Public" haijibu ping, na mtu anahitimisha kwamba njia imekatika. Pima mlango wenyewe. Kutoka Windows, kwenye PowerShell, `Test-NetConnection 192.168.8.104 -Port 445`. Kutoka Linux au Mac, `nc -zv 192.168.8.101 445`. Ukijibiwa kwamba umefunguka, achana na ruta na faiawoli, hamia kwenye majina na maneno ya siri.

Dogo wa Ubuntu

Mlango umefunguka. Sasa anadaiwa neno la siri. Ameweka langu la kuingilia Ubuntu, limekataliwa.

Bibi Seva

Kwa sababu Samba ina daftari lake. Neno la siri la Linux halihamii huko lenyewe. Na folda ikikaa ndani ya /home yako, ukimpa mtu mwingine jina lake hatapita, maana kuanzia Ubuntu 21.04 folda za nyumbani zinafungwa kwa watumiaji wengine. Utaona anaingia, anaona jina la folda, akibofya anaambiwa hana ruhusa. Itoe nje ya nyumba yako:

`sudo adduser studio`
`sudo smbpasswd -a studio`
`sudo mkdir -p /srv/picha`
`sudo chown studio:studio /srv/picha`

Kisha mwisho wa /etc/samba/smb.conf ongeza:

`[picha]`
`path = /srv/picha`
`read only = no`
`valid users = studio`

Andika `testparm` kuona kama hujakosea, halafu `sudo systemctl restart smbd`. Neno la siri la studio liwe lilelile mliloliweka Windows, mtapunguza maneno ya kukumbuka.

Dogo wa Ubuntu

Nimefanya. Broo bado anakataliwa na safari hii hata haulizwi neno la siri.

Fundi wa Makole

Windows imekumbuka jaribio la zamani. Funga madirisha yote ya folda hizo, CMD andika `net use * /delete`, kubali. Halafu fungua Credential Manager, pale Windows inapotunza majina na maneno ya siri, futa kila kilichoandikwa 192.168.8.104. Jaribu tena. Haimkubali mtu mmoja aingie kwenye seva ileile kwa majina mawili kwa wakati mmoja.

Kijana wa Nzuguni

Wakuu. Saa nne na dakika ishirini usiku, mashine zote tatu zinaingiliana. Nimeituma ile video ya GB 6 kutoka Windows kwenda laptopu ya dogo, imechukua dakika kama 35. Ni kawaida?

Fundi wa Makole

Zote mbili zipo kwenye Wi-Fi? Basi ni kawaida. Kila kipande kinapaa kutoka mashine ya kwanza kwenda ruta, halafu kinapaa tena kwenda ya pili, hewa ni hiyohiyo moja. Hiyo ya mezani ivutie waya, ipo chumba kimoja na ruta. Hata tundu la Mbps 100 linakupa kama MB 11 kwa sekunde, GB 6 ni dakika 9 au 10, ilimradi Wi-Fi ya upande wa pili nayo iwe na nguvu. Ukipeleka waya kote kote ndiyo hutafikiria tena flashi.

Mjomba Flashi

Nawasikia.

Mama Zabibu

Samahani kuingilia uzi. Mimi nipo Singida, laptopu yangu ni Windows 11 Pro. Nilikuwa na diski nimeichomeka kwenye USB ya ruta, inafunguka bila neno la siri. Baada ya apdeti kubwa imekataa. Ni haya haya?

Bibi Seva

Ni binamu yake, dada. Apdeti ya 24H2 ya Windows 11 Pro imeacha kukubali kuingia kama mgeni asiye na jina, na inataka kila ujumbe wa SMB uwe na sahihi. Ingia kwenye ruta uiwekee ile diski jina na neno la siri. Ruta ikiwa ya zamani huenda inajua SMB1 peke yake, na hapo mimi ningeihamishia diski kwenye kompyuta yenyewe kuliko kurudisha Windows nyuma.

Dogo wa Ubuntu

Bibi swali la pembeni, kwa nini inaitwa Samba? Wenzangu darasani wanasema ni ngoma ya Brazil.

Bibi Seva

Aliyeianzisha, Andrew Tridgell wa Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alitafuta kwenye kamusi ya kompyuta neno lenye S, M na B kwa mfuatano huo. Likatoka samba. Ngoma ni bahati tu.

Kijana wa Nzuguni

Mrejesho, wiki moja baadaye.

Mambo matatu. La kwanza, Jumanne umeme ulikatika kama dakika kumi, uliporudi Windows ikawa haiipati Ubuntu. Nikaanza kutetemeka. Kumbe ruta ilipowaka imegawa anwani upya, laptopu imekuwa 192.168.8.106. Nimeingia kwenye ruta, kuna sehemu ya kufungia anwani kwa kila mashine, nimezifunga zote tatu.

La pili, dogo aliandika folda "Send-off saa 14:00?" kwenye Ubuntu. Kwenye Windows imeonekana kwa jina la ajabu, herufi chache, alama ya ~, nikadhani ni kirusi nikakaribia kuifuta. Picha 800 za mteja!

La tatu, Alhamisi naingia kwenye \\192.168.8.104\picha, hakuna. Nimepima mlango 445, hakuna. Nimeanza kupekua faiawoli. Baada ya robo saa nikakumbuka dogo ameondoka na laptopu asubuhi kwenda chuo.

Bibi Seva

Nimecheka peke yangu ofisini.

La majina: Windows haikubali nukta pacha, alama ya kuuliza, nyota, alama za kunukuu, mshale wa kushoto na kulia, mstari wima wala mikwaju ya pande zote mbili. Linux inakataza mkwaju mmoja tu. Samba ikikutana na jina ambalo Windows haiwezi kulimeza, inatunga fupi la kwake. Faili ni zima. Mwambie aandike "Send-off saa nane".

La laptopu ndilo ningelisema mapema: usiweke kazi za wateja kwenye mashine yenye miguu. Folda kuu ikae kwenye ya mezani, hao wengine wawili waingie kuchukua na kurudisha. Na ya mezani uizuie isilale yenyewe, ikilala folda inapotea vilevile. Halafu nunua diski ya nje, kila Jumapili uinakili. Folda iliyoshewa ni moja tu, akiifuta mmoja imefutika kwa wote, na kilichofutwa kwa njia ya mtandao hakiingii kwenye pipa la taka.

Kijana wa Nzuguni

Hilo la pipa la taka sikulijua. Nimehamisha zote jana usiku, diski naifuata kesho mjini. Nimemwondolea dogo na ruhusa ya kufuta.

Dogo wa Ubuntu

Nimeona. Ningeomba turudishiane kwa ajili ya folda moja tu, ya mahafali, kuna picha zangu humo hazifai kubaki.

Kijana wa Nzuguni

Hizo ndizo mama kaomba zisafishwe.